Gunia Lililoitwa Musau

Asubuhi ile, Nduku alipovuta turubai kutoka kwenye gari, kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa nyuma.

Hakikuwa kimesogezwa sana. Lakini ni yeye aliyekiweka jana jioni, karibu kabisa na usukani, kwa sababu kaka yake Musau alikuwa mfupi na aliendesha gari kama mtu anayetaka kulikumbatia. Sasa kiti kilikaa kama cha mtu mwenye miguu mirefu. Na kilichokuwa kimekalishwa pale hakikuwa na miguu. Kilikuwa gunia la udongo.

"Dalmas," aliita. "Ni wewe umecheza na kiti?"

Dalmas, fundi wa kuchomelea, alikuwa nyuma ya ukuta wa mabati akipuliza moto wa chai. "Kiti gani? Mimi nimeingia saa hii, madam. Uliza mwenye kiti." Kisha akainua sauti kama mwalimu anayeita rejista: "Musau!" Na akajibu mwenyewe, kwa sauti nzito ya polepole: "Nakuskia."

Nduku akacheka. Kila asubuhi walicheka hivyo. Akakirudisha kiti mbele, akalikaza gunia mkanda, akasahau.

Gereji yao ilikuwa Gatina, Kawangware, kwenye ploti ya baba wa kijana mmoja mwenye pesa, Kabiru. Gari pia lilikuwa la Kabiru, Mark Two ya zamani ambayo Musau alikuwa anaiandaa kwa mashindano ya kudrifti. Kudrifti ni kulifanya gari liingie kona kwa ubavu, matairi ya nyuma yakitoa moshi, na dereva akigeuza usukani upande wa pili kana kwamba anakataa kwenda anakopelekwa. Gari la kawaida halikubali mambo hayo. Kwa hiyo Dalmas alichomelea difu ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja bila kungojana. Akaiimarisha mishono ya chesisi kwa chuma ili mwili wa gari usijipinde. Musau akafupisha vyuma vinavyoyashika magurudumu ya mbele ili yageuke zaidi, akabadilisha springi na shoki, akaliteremsha gari karibu na ardhi.

Ilibaki kazi ya mwisho, na ndiyo ngumu, kuyapanga magurudumu. Gari tupu na gari lenye dereva si gari moja. Mtu akiketi, upande wake unashuka, magurudumu yanalala vingine, na vipimo vyote vinakimbia. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa mtu akiwa ndani. Lakini Musau hangeweza kuketi kwenye kiti na wakati uleule kulala chini ya gari na rula. Wakafikiria gunia.

Walienda kwa Nalianya, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa jirani. Musau akaning'inia kwenye ndoano ya mizani kama mbuzi, huku Nalianya akiuliza nani anataka mguu na nani anataka mbavu. Sindano iliposimama, Nalianya akaweka alama kwa chaki. Baadaye gunia likajazwa mpaka sindano ikafika palepale kwenye chaki. Udongo aliuleta Dalmas kutoka Silanga alikokuwa anaishi, udongo mweusi wa kando ya bwawa, mzito na wa bure. Nduku alilishona gunia mdomo. Dalmas akalivika ovaroli kuukuu ya Musau na kofia yake, akasema, "Huyu sasa ndiye Musau. Na anaringa kuliko yule mwingine."

Musau mwenyewe alicheka kwa sababu hakuzoea kutaniwa kwa jina lake. Wateja walimwita fundi. Kabiru alimwita wewe. Mwenye nyumba kule Kianda, Kibera, alimwita chumba cha mwisho. Tangu mama yao afariki, na Nduku aache shule akiwa kidato cha pili, mtu aliyemwita Musau alikuwa dada yake tu, naye aliitika vilevile kila mara, bila haraka, hata akiwa chini ya gari na mdomo umejaa skrubu: "Nakuskia."

"Ndu," alimwambia jioni moja wakitembea kurudi Kibera, "kule kwa mashindano kuna spika. Kubwa, ka za kanisa. Unaitwa jina lako, watu wote wanaskia. Nikiskia hivyo mara moja tu, mimi sina deni na dunia."

"Na mimi?"

"Wewe unarudi shule. Kabiru amesema nikimletea kombe, gari atakuwa ananiachia kila shindano. Hiyo ni kazi, si kibarua. Nitakurudisha."

Nduku alimwamini. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuwahi kumdanganya.

Tatizo lilianza na kamba. Walivuta kamba mbili pande zote za gari, moja huku na moja kule, zikanyooka kabisa, na kutoka kwenye kamba hizo wakapima kila gurudumu limeangalia wapi. Jioni waliacha kila kitu sawa. Asubuhi gurudumu la mbele kulia lilikuwa limeangalia nje, na upande wa dereva umeshuka. Wakarekebisha. Asubuhi iliyofuata umeshuka tena, na zaidi. Na kila asubuhi kiti kilikuwa nyuma.

"Springi imechoka," Dalmas alisema.

"Springi ni mpya," Musau alisema. Alikuwa amechuchumaa, anaangalia gunia, si gurudumu. "Huu udongo unavuta maji. Unyevu wa usiku. Hebu tupime."

Walilibeba gunia kwa shida mpaka kwa Nalianya. Sindano ilipita alama ya chaki, ikaendelea.

"Ni unyevu," Musau alirudia.

Haikuwa imenyesha. Vumbi la Gatina lilikuwa limefunika hata majani ya ndizi. Lakini Nduku alipoinama karibu na gunia alinusa kitu alichokijua, harufu ya bwawa la Silanga asubuhi, maji yaliyolala na majani yanayooza. Akatazama mikono ya kaka yake iliyoshika ndoano. Mikono ilionekana kama ya mtu aliyetoka kuugua.

"Musau, si na wewe upande," alisema.

"Nipande nifanye nini?"

"Panda tu."

Akapanda, akaning'inia. Sindano haikufika kwenye chaki. Nalianya alipiga mizani kofi, akatazama tena, na safari hii hakuuliza nani anataka mguu.

"Kijana," alisema, "unaisha ka sabuni. Unakula kweli?"

"Anakula," Nduku alijibu kwa niaba yake, kwa sababu ni yeye aliyempakulia. Kisha akaangalia pengo lililobaki chini ya chaki, na akakumbuka pengo la gunia juu ya chaki, na kwa macho yake yalikuwa sawa kabisa.

Chumba chao kilikuwa Kianda, safu ya mwisho, ukuta wa nyuma ukipakana na mfereji mwembamba ambao hata paka alipita kwa ubavu. Jioni hiyo watoto bado walikuwa wanacheza nje na redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nduku alikuwa anasonga ugali. Musau aliketi kitandani, na Nduku aliona jambo ambalo pengine lilikuwepo kwa siku kadhaa bila yeye kuliona: godoro halikubonyea.

"Musau, chakula."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Musau."

Hapo ndipo jibu lilipokuja, lakini halikutoka kitandani, lilitoka nyuma ya mabati, pale kwenye mfereji ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama, sauti nzito ya polepole, sauti ya kaka yake kabisa ila ilikuwa imelowa, kana kwamba inapita kwenye maji kabla ya kufika mdomoni, na wakati uleule redio ya jirani ilikwama, watoto wakanyamaza kama walioitwa na mama mmoja, harufu ya bwawa ikaingia kupitia matundu ya misumari ikaufunika moshi wa stovu, na bati likalia taratibu, likapinda kuelekea ndani ya chumba, jinsi bati linavyopinda mtu mzito anapoegemea kupumzika.

"Nakuskia."

Mwiko ulimponyoka Nduku. Musau akainua kichwa, kama mtu aliyeamshwa.

"Umesema?" aliuliza.

"Umeskia hiyo?" Nduku alinong'ona.

"Niskie nini? Ndu, mbona unalia?" Akajaribu kusimama, akashika ukuta. "Manze, siku hizi naamka nusu. Nusu nyingine sijui naiacha wapi."

Kesho yake Nduku alimvuta Dalmas mpaka nyuma ya choo cha ploti.

"Bado unamwita yule asubuhi?"

Dalmas hakujifanya haelewi. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya kuchomelea. "Niliacha."

"Kwa nini?"

"Aliitika kabla sijajibu."

"Dalmas, wacha mchezo."

"Nikufe, Nduku. Mdomo ulikuwa umejaa mandazi. Niliita tu, hivyo kwa mazoea, na mdomo umejaa. Halafu nikaskia 'nakuskia' kutoka kwa gari. Nikamwambia Mungu ni masikio. Lakini siku hiyo sikumaliza mandazi."

"Udongo uliutoa wapi? Niambie mahali kabisa."

Dalmas alikwaruza ardhi kwa kiatu. "Pale kando ya bwawa, kwa mashamba ya sukuma. Kuna kona moja haijalimwa. Mama anayeuza mboga hapo aliniambia, kijana, hapo hatuchimbi, pana mwenyewe. Mimi nikadhani anasema landilodi. Nairobi hii kila mahali pana mwenyewe! Nikaangalia huku na huku, landilodi hayupo, nikachimba."

Hawakumwambia Musau. Walienda Makina, kwa bibi mmoja Mnubi ambaye mama mboga wa Kianda alimtaja kwa sauti ya chini, Hajati Zamzam. Walimkuta uani anaokota mawe kwenye mchele. Nyumba ilinukia ubani. Nduku hakujua salamu ya kutoa kwa mtu kama yule, akasema tu, "Hodi, Hajati," na bibi akamwonyesha mkeka.

Walieleza kwa kupokezana. Hajati hakuacha kuokota mawe.

"Mlimpa nguo?"

"Ndiyo," alisema Dalmas.

"Mlimfunga mkanda ili asianguke?"

"Mimi ndiye nilimfunga," alisema Nduku.

"Na mlimpa uzito wa mtu anayejulikana. Na jina je?"

"La kaka yangu," alisema Nduku.

Hajati aliweka sinia chini. "Wanangu, jini wa maji hana uzito. Anapita tu. Anaweza kukaa miaka mahali pamoja asimguse mtu, kwa sababu hana pa kuketi. Nyinyi mmempa kiti. Mmemvika, mmempima, mmemwita kila asubuhi, na mkamfundisha na kuitika. Sasa anaamini kwamba yeye ndiye. Anashangaa kwa nini kuna mwingine." Akamtazama Nduku. "Hafanyi ubaya, binti yangu. Anachukua anachodhani ni chake."

"Atoke vipi?" Nduku aliuliza.

"Udongo urudi shimoni mlikoutoa, jua likiwa juu, isibaki hata punje. Nguo zichomwe na ubani huu. Hapo ataondoka kitini. Lakini jina mlishampa na siwezi kumnyang'anya. Jina hilo liacheni. Mpeni kaka yako jina lingine, na la kwanza lisisikike tena mpaka yule atakapolisahau. Likiitwa, ataitika yule anayelitaka zaidi."

"Yule akiitika, kaka yangu ataenda wapi?"

"Pale yule atakapokuwa amepaacha wazi," alisema Hajati.

Nalianya aliwabebea gunia kwa pikapu yake. Hakuuliza kitu. "Mimi nabeba vyuma miaka yote na sijauliza vilitoka wapi," alisema. "Udongo ndio niulize?" Lakini walipolipandisha, watu watatu wakihema, aliacha kutania, na njia nzima aliendesha dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu.

Mchana huo pale Silanga mama muuza mboga aliwaona wakishuka. Alikusanya sukuma zake kwenye karai, akaondoka bila kuaga. Shimo alilochimba Dalmas lilikuwa limejaa maji meusi. Nduku alikata mshono wake mwenyewe kwa wembe. Alipotia mkono ndani, udongo ulikuwa na joto, joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Wakaumwaga wote. Nduku aligeuza gunia nje ndani, akakung'uta kila pindo mpaka vidole vikauma. Maji yalipokea udongo bila kutoa hata povu. Ovaroli na kofia waliviunguza pale ukingoni, na moshi ulilala juu ya maji badala ya kupanda.

Jioni hiyo Musau alikula ugali wake, akala na nusu ya Nduku. Alipojitupa kitandani mbao zililia, na Nduku akageukia ukuta ili asionekane akilia. Siku chache baadaye sindano ya Nalianya ilirudi kwenye chaki. Vipimo vya gari navyo vilikaa. Nduku mwenyewe aliketi kwenye kiti cha dereva, na mawe mfukoni ya kufidia uzito, huku kaka yake akilala chini na rula.

Ndipo akamwambia yote. Musau alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nikuwe nani?"

"Mama alikuwa anakuita Kavisi." Ni Kikamba, kijana mdogo.

"Nilikuwa na miaka mitatu!"

"Bado wewe ni mfupi."

Alicheka, akamsukuma bega. "Sawa. Kavisi." Lakini baada ya kicheko alitazama taa. "Ndu, hilo jina lilikuwa la babu. Sijawahi kulitumia vizuri bado. Ni ka kiatu kipya kimeibiwa ndani ya boksi."

Nduku alimwambia Dalmas. Alimwambia Nalianya. Alimwambia hata Kabiru, ambaye alimtazama kama mtu anayesubiri mbuzi apite barabarani. "Nyinyi watu wa Ukambani na majini yenu," alisema. "Mimi naitaji dereva. Mnaweza muita Sufuria, sijali."

Jumapili ya mashindano walifika kwenye uwanja wa lami nje ya jiji. Watu walikuwa wengi kuliko Nduku alivyowahi kuona mahali pamoja, wamepanda juu ya magari, juu ya kuta, watoto mabegani. Matairi yaliyochomwa yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe na nyekundu kuonyesha kona. Na kwenye jukwaa la mbao palikuwa na spika mbili, kubwa kama milango.

Nduku alipoziona, alianza kumtafuta kaka yake. Walikuwa wameziba kila mdomo Kawangware na Kibera, na mdomo mkubwa kuliko yote walikuwa wameusahau.

"Kavisi!" alimkimbilia. "Watakuita na spika. Waambie wasitaje. Waambie jina lingine!"

Musau alikuwa anavaa glavu. Alitazama spika, akatazama watu, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto dirishani. "Sawa," alisema. "Naenda kuwaambia."

Nduku alimwona akipanda ngazi za jukwaa, akainama kwenye sikio la mtangazaji, akasema neno. Mtangazaji alitikisa kichwa kukubali. Musau akasema tena, taratibu zaidi, kama mtu anayetaja herufi moja moja. Akashuka anatabasamu. Nduku alipumua. Kaka yake hakuwahi kumdanganya.

Gari lilisogea mstarini, likinguruma.

"Na sasa!" spika zilipasuka. "Kutoka Kawangware, mara yake ya kwanza hapa, mmpigie kelele... Musaaau!"

Nduku alishika uzio. Kupitia kioo alimwona kaka yake. Alikuwa amefumba macho na kuinua uso, kama mtu anayenyeshewa na mvua aliyoingoja, na midomo yake ilikuwa inasema lile neno lake.

Gari liliondoka. Liliingia kona ya kwanza kwa ubavu, moshi ukapanda mweupe, na lilikuwa zuri, hakuna aliyewahi kuona gari likiteleza vile, karibu na matairi yale yaliyopakwa rangi kiasi cha kuyabusu bila kuyagusa, na watu waliruka juu, wakaanza kuita, kwanza vijana wachache ukutani halafu upande mzima halafu uwanja wote, Musau, Musau, Musau, mamia ya midomo ambayo haikuwahi kumjua, na Nduku alikimbia kando ya uzio akipiga kelele Kavisi, Kavisi, sauti moja nyembamba ambayo hata yeye hakuisikia, huku gari likizunguka na kuzunguka na kila mzunguko upande wa dereva ukishuka kidogo zaidi, mpaka bodi ikawa inakaribia kukwaruza lami, na kwenye moshi wa mpira ulioungua ikaja ile harufu nyingine, ya maji yaliyolala.

"Kavisi!"

Gari lilisimama katikati ya uwanja. Mlango ukafunguliwa.

Watu walivunja uzio, wakamzunguka. Vijana wanne wenye nguvu walimshika miguu wamwinue mabegani, wakashindwa. Wakaongezeka, wakashindwa. "Bingwa ni mzito!" mmoja alipiga kelele, na wote wakacheka.

Nduku alipenya katikati yao. Kwanza alitazama ndani ya gari. Kiti kilikuwa nyuma, mwisho wa reli. Kisha akamtazama aliyesimama pale na glavu mkononi, mwenye uso wa kaka yake, kovu la kaka yake nyusini, maji yakimtiririka kwa wingi kuliko jasho.

"Kavisi," alisema, karibu sana naye.

Hakugeuka. Jina lile lilimpita kama jina la mtu mwingine.

"Musau!" Kabiru aliita kutoka nyuma ya umati, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Musau, kuja hapa bwana!"

Yule akageuka, bila haraka.

"Nakuskia."

Hayo yalitokea kabla ya mvua ndefu. Sasa Musau anajulikana. Picha yake imebandikwa kwenye duka la kinyozi la Gatina, na watoto wanaigiza kona zake kwa matairi ya baiskeli. Kabiru anamwachia gari kila shindano. Ni mpole. Hali chakula, anakunywa maji tu, na kila asubuhi shuka lake lazima lianikwe. Mwezi uliopita aliweka sare ya shule mezani, mpya, imekunjwa vizuri. "Nilisema nitakurudisha," alimwambia Nduku. "Rudi." Alisema kwa upendo kabisa. Sare bado iko kwenye msumari, ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Dalmas alirudi kwao Ugenya na hajibu simu.

Begi lake la zamani la shule, hata hivyo, Nduku alilitumia. Kila alasiri alienda Silanga nalo, akachota udongo kando ya shimo kwa kikombe, akabeba mgongoni mpaka kwa Nalianya. Mama muuza mboga alizoea kumwona, akaacha kukimbia. Alienda pia Makina. Hajati Zamzam alimsikiliza, akamshika mkono kwa muda mrefu. "Usifanye, binti yangu," alisema. "Anayeitika si lazima awe uliyemwita."

Nduku alisema asante, Hajati, na akaendelea.

Nyuma ya yadi ya Nalianya kuna gari bovu lisilo na injini wala milango. Kiti chake cha dereva kimeshikwa na kutu mwisho wa reli. Nalianya alikigonga kwa nyundo kubwa, hakikusogea, na Nduku alisikitika kwa sababu kilikuwa mbali mno na usukani. Gunia lilipofika kwenye ile alama ya chaki, alilishona mdomo, akalivika fulana ya kaka yake ambayo yule mwingine haivai kwa sababu inambana, akalifunga mkanda. Kila asubuhi anapita pale kabla watu hawajafika. Anasimama panapostahili kuwa na mlango, anaita Kavisi mara moja, na anangoja.

Leo asubuhi alipofika, kiti kilikuwa kimesogezwa mbele.

Fulana ilikuwa karibu kugusa usukani. Kutu mpya ilikuwa imemwagika kando ya reli, nyekundu. Nduku alisimama, mkono kwenye bati baridi. Alifungua mdomo, akaufunga. Kama angeitikiwa, angeitikiwa kwa neno lilelile, na neno lile lilikuwa limeshaibiwa. Halingemwambia ni nani.

Kisha akaita.